Saa Moja kwa Kila Nyumba

1

Jenereta kubwa ya kijiji chetu cha Kisolwa tuliipa jina la Baba Mkwe, kwa sababu ilikula sana na hakuna aliyethubutu kuisema. Aliyeileta ni mwenyekiti wetu, Otmari Ndelwa, mwaka wa kwanza wa Utando, juu ya lori, imefungwa utepe mwekundu. Mngurumo wake ulivuka bonde, na watu wa ng'ambo, wenye vijenereta vya kubeba kwa mkono mmoja, wakawa wanatuonea wivu. Kwa Otmari wivu ule ulikuwa mtamu kuliko umeme wenyewe. Mimi Skolastika Tweve, fundi wa kijiji, nilisema siku ileile kwamba mashine imetuzidi kimo. Nikajibiwa kwamba mwanamke akishazoea bisibisi hudhani anajua kila kitu. Neno hilo nimelikumbuka miaka mitatu na sina haraka ya kulisahau.

Kwetu kila nyumba ilikuwa na saa yake. Nyumba thelathini, saa thelathini kwa wiki. Mwenye nyumba analeta betri kwa toroli au mgongoni, inafungwa peke yake kwenye mashine, naye anasimama ameiwekea mkono juu mpaka saa iishe. Hakuna aliyekubali betri yake ifungwe pamoja na ya mwenzake. Waliamini ya jirani itanyonya yao, na hapo hawakukosea sana, nitaeleza. Basi Baba Mkwe, mwenye nguvu ya kuendesha mashine za kusaga mbili kwa pamoja, alikuwa ananguruma saa nzima kwa ajili ya betri moja inayopokea wati mia tatu. Huko ni kuwasha tanuri la matofali ili uchemshe chai. Mashine kubwa ukiipa mzigo mdogo haipunguzi kunywa kwa kiasi hicho. Lita tatu za saa zinakwenda vilevile, na juu yake inajichafua, masizi yanaganda ndani na mafuta mabichi yanachuruzika kwenye bomba la moshi. Jenereta inapenda kufanya kazi kwa robo tatu ya nguvu zake. Nilikuwa nimelisema hilo mikutanoni mpaka watu wakawa wanainuka kwenda kujisaidia nikisimama.

Jumatano moja mwanzoni mwa Julai, saa ya Felista ilikuwa imekwisha na alikuwa bado ameinama juu ya betri yake. Felista ni mdogo wangu, tumefuatana ziwa. Nilisogea nikatazama taa za betri. Kati ya tano ilikuwa imewaka moja.

"Hiyo ndiyo itakayokufikisha Jumatano nyingine?" nilimuuliza.

"Na paneli, dada. Paneli inasaidia."

Sote wawili tulitazama juu. Jua lilikuwa jeupe, dogo, la kutazamika bila kukunja uso. Ndivyo lilivyo tangu mataifa yakubaliane kutawanya vumbi la chokaa huko juu ili kulipunguza makali. Dunia imepoa, wanasema. Sisi wa nyanda za juu tulikuwa tumeshapoa tangu enzi za mababu na hatukumwomba mtu msaada. Kuanzia Mei mpaka katikati ya Septemba Utando huo wa vumbi hukolea, na paneli ya wati mia nne hutoa arobaini kwa kujikongoja.

"Shemeji yuko daraja la ngapi?"

"La kwanza. Tangu Jumapili."

Mume wa Felista, Nikodemo Chaula, anapumua kwa pafu la nje. Ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kinaning'inia kifuani na kumsukumia hewa kwa mpira unaoingia chini ya koo, usiku na mchana. Ndani kina kibetri cha kutwa moja, kinachojazwa na betri ya nyumba, na kina madaraja matatu. La tatu mtu anatembea, la pili anakaa na kuongea, la kwanza anabaki hai. Umeme ukiisha, chini ya hapo hakuna daraja.

"Analala?"

"Anakaa tu. Akijinyoosha anashtuka, anadhani anazama."

Alisema hivyo, akaifuta betri kwa kanga yake, akaanza kuinyanyua kuipeleka kwenye toroli. Hakuniomba kitu. Angeniomba ningemgombeza, ningemwambia saa ni saa na mimi sina kijiji cha mfukoni. Hakuomba, na hilo likaniuma zaidi.

Lazima niseme kwa nini hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Chaula alikuwa mfanyakazi wa kituo cha maputo, kule uwandani, palipokuwa panajazwa yale maputo yanayopeleka vumbi angani. Alipasua magunia ya chokaa miaka minne kabla Utando haujakolea, bila kitambaa puani, akajenga nyumba ya bati la bluu, na kila mtu akamsalimu kwa mikono miwili. Utando ulipokolea, pareto ikagoma kuchanua, matufaa yakawa yanaanguka yakiwa mabichi, na mtu pekee wa Utando ambaye Kisolwa ingeweza kumwona kwa macho alikuwa yeye. Salamu zikakoma. Wakati huo mapafu yake nayo yalikuwa yameshakwisha. Hata mimi, shemeji yake, nilipita mwaka mzima bila kuingia kwake, na mimi sikuwa na pareto.

"Iache hapa mpaka jioni," nilimwambia Felista. "Nataka kuangalia vichwa vyake vya waya."

2

Karakana yangu ina jenereta nyingine, ndogo, niliyoiokota kwenye vyuma chakavu Njombe na kuifufua. Nilipanua tundu la kabureta, maana spiriti inataka kumiminika zaidi ya petroli, nikabadilisha plagi, nikaipa jina la Chiriku kwa sababu inapiga kelele nyembamba isiyoisha. Nguvu yake ni wati elfu mbili. Kama fundi nilikuwa na haki ya lita tatu za spiriti kila wiki za kujaribia mashine, na hizo zilikuwa zangu halali. Neno halali nimeliweka hapa makusudi, kwa sababu linaishia kwenye hizo lita tatu.

Siku ileile, Bibi Yusta Mahenge alikuwa ameniachia betri yake. Yeye ni mjane, amepita sabini, na kati ya nyumba zote thelathini alikuwa peke yake asiyesimama na betri yake. "Mwanangu, mgongo haunitaki," alikuwa akisema. "Wewe upo." Alikuwa akiiweka mlangoni kwangu asubuhi na kuja kuichukua kesho yake. Alikuwa mbanaji. Taa moja, redio saa ya habari na saa ya kwaya, basi. Betri yake iliingia kwangu kila mara ikiwa na taa nne, na ikitoka kwa Baba Mkwe zinawaka zote tano.

Nilikuwa na betri yangu na mbili za akiba. Nikachukua ya Yusta, ikiwa imeshatoka kwa Baba Mkwe, na ya Chaula, zikawa tano, nikaziunganisha zote kwa waya mnene kwenye chaja moja.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo. Betri tano zikifungwa pamoja, kabla hata hujawasha mashine, yenye nyingi inaanza kuimwagia yenye kidogo, mpaka zilingane. Hakuna anayeamua. Niliona mshale wa mita ya betri ya Yusta ukiinama upande wa kutoka, na wa Chaula ukiinama upande wa kuingia. Nilisimama nautazama kama dakika kumi. Kisha nikavuta kamba, Chiriku akaanza kelele zake, na betri tano kwa pamoja zikampa mzigo wa wati elfu moja na mia tano. Robo tatu kamili. Alitulia kwenye kazi kama ng'ombe aliyeshika mtaro. Nilipima: karibu lita moja na robo kwa saa, kwa betri tano.

Nilizima zilipofika taa nne. Sehemu ya tano ya mwisho ndiyo mwizi wa mafuta. Betri ikikaribia kujaa inapokea kwa kudokoa, mashine inanguruma bure, na taa ile moja ya kijani inakula muda sawa na zile nne. Watu wetu hawalipendi hilo. Kwetu ukimpa mgeni kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kisichofurika umemtukana, na betri isiyo na taa ya kijani wanaiona vivyo hivyo.

Jioni Felista aliondoka na taa nne. Bibi Yusta kesho yake aliondoka na taa nne pia, badala ya tano. Alizitazama.

"Mashine imechoka leo?" aliuliza.

"Taa ya mwisho ina matatizo, bibi," nilisema. "Ndani zimo."

"Kama ndani zimo, sawa. Kamwene, mwanangu." Akaniaga kwa salamu hiyo ya kwetu, akaenda zake.

Nilirudia wiki iliyofuata. Sikujisikia mwizi. Nilijisikia fundi hodari, na hilo ndilo linalonitia aibu ninapolisimulia. Redio ya Yusta haikuzimika hata siku moja, na shemeji yangu alipanda daraja la pili akanitumia ujumbe kupitia Felista kwamba ameota ndoto kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nilijiambia kwamba kitu kisichoumiza mtu hakina mwenyewe.

3

Jumatatu ya wiki ya tatu mwenyekiti alikuja karakana. Otmari ni mtu mnene, mwenye koti la sufi asilolivua hata kanisani, na alikuwa amelifunga vifungo vyote.

"Lori la spiriti haliji," alisema. "Tumeambiwa kila kijiji kijibane na kilicho nacho."

"Tunacho kiasi gani?"

"Lita mia mbili."

Spiriti yetu inatokana na ulanzi, ambao hukingwa wakati wa mvua kisha hukenekwa kwa mvuke mpaka uwe spiriti. Julai mianzi imekauka, na hakuna cha kukinga mpaka Desemba. Huwa tunaitia muarobaini ili isinywewe, na wapo wanaoinywa hivyohivyo wakisema ni dawa ya tumbo.

"Baba Mkwe anataka tisini kwa wiki," nilisema. "Utando unalegea baada ya wiki tisa. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu. Ilimchukua muda, na nilimwacha auchukue. Kisha alitazama kona ya karakana, alipokaa Chiriku, na akashusha pumzi.

"Kile kitu chako kinafanya kazi?"

Nilimwonyesha. Nilimweleza makundi ya betri tano tano, makundi sita, saa tatu kwa kila kundi mara moja kwa wiki. Lita ishirini na mbili kwa wiki. Lita mia mbili zinafika wiki ya tisa na yanabaki matone ya kufutia mikono. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mwisho akaniambia nikalieleze kijiji keshokutwa.

Sikumwambia kitu kimoja. Pafu lisiloshushwa daraja humaliza betri ya nyumba kila baada ya siku mbili. Kama Chaula ataingizwa kwenye mpango, kundi lake litalazimika kukutana mara tatu kwa wiki, na litakula kama lita tatu zaidi kila wiki. Wiki tisa ni lita ishirini na saba. Hizo ni wiki nzima ya kijiji. Ukweli ni kwamba mafuta yangefika wiki ya nane, na wiki ya tisa nyumba zote zingekuwa gizani, isipokuwa kisanduku kimoja kifuani pa mtu mmoja, ambacho ningekibakizia tone la mwisho.

Siku mbili nzima nililigeuza jambo hilo. Ningeweza kunyamaza. Ningesema wiki tisa, na mafuta yakiisha mapema ningesema yameyeyuka, au ningewasingizia walevi, na nani angebisha, walevi wenyewe wasingekuwa na uhakika. Nikisema ukweli, watamtoa. Nawajua. Watampa saa yake moja kama zamani, kwa haki kabisa, saa moja kwa kila nyumba, na kabla Agosti haijaisha Felista atakuja kwangu bila toroli. Mimi si mtu wa kulialia, lakini nililia pale karakana, nimekaa juu ya dumu.

4

Mkutano ulikuwa mchana, uwanja wa ofisi ya kijiji. Nilimweka Chiriku mezani na watu wakacheka. Mmoja akauliza kama kamekwisha kunyonya. Nikamwasha, nikafunga betri tano za watu watano waliojitolea, nikawaonyesha chupa ya spiriti yenye mistari. Baada ya saa moja kicheko kilikuwa kimekwisha. Baba Mkwe kwa muda ule angekuwa amemaliza chupa mbili na nusu kama ile, kwa betri moja.

Waliuliza maswali mazuri. Betri yangu itanyonywa? Nikasema ndiyo, itaimwagia yenye kidogo, kisha zote zitajazwa mpaka zilingane, na zote zitatoka na nyingi kuliko zilizoingia. Kwa nini taa nne? Nikaeleza. Walinung'unika kuhusu ile ya kijani, wakaikubali. Hakuna aliyemtaja Chaula. Hakuwepo, na Felista alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na uzio, mahali anapokaa siku zote.

"Basi tunyooshe mikono," alisema Otmari. "Wanaokubali wiki tisa za Chiriku?"

Mikono ilianza kupanda. Nilikuwa nimeshajisogeza kukaa. Nilimwona Bibi Yusta ameinua wake, mkono mwembamba, kiganja wazi, na alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, kama mtu anayemwona mtoto wake akisoma risala.

"Subirini," nilisema. "Si wiki tisa."

Nikawaambia yote. Pafu, kundi lake mara tatu kwa wiki, lita ishirini na saba, giza la wiki ya mwisho. Nikawaambia kwamba Chaula ni shemeji yangu, kana kwamba kuna aliyekuwa hajui. Kisha nikawaambia kuhusu betri ya Bibi Yusta, wiki ya kwanza na ya pili, na taa ya tano niliyosema ina matatizo. Hiyo ya mwisho niliisema nikitazama ardhi.

  Otmari alifungua kifungo kimoja cha koti.

"Basi ni rahisi," alisema. "Nyumba ishirini na tisa kwenye makundi. Chaula abaki na saa yake moja kwa wiki, kwa Chiriku, kama alivyokuwa. Hatumwonei. Saa ni saa."

"Saa ni saa," watu kadhaa waliitikia. Felista alikuwa ameinamisha kichwa.

Bibi Yusta alisimama. Ilimchukua muda kusimama, kwa ajili ya mgongo.

"Skola. Redio yangu ilizimika?"

"Haikuzimika, bibi."

"Kwa hiyo sikupungukiwa. Lakini niliibiwa."

"Ndiyo, bibi."

"Nataka watu wasikie kwamba ni vitu viwili." Akageuka kwa mwenyekiti. "Chaula nimemchukia miaka mitatu. Pareto yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kufa hapa, mnajua. Chuki yangu nataka aisikie vizuri, akiwa na masikio yake. Akifa, nitamchukia nani? Mwambieni fundi aniweke kundi moja naye. Betri zenyewe zimeshazoeana."

Watu wengine walicheka, wakajizuia. Mtu mmoja wa nyuma alisema wiki ya tisa tutakaa gizani kwa ajili ya aliyetuletea giza. Bibi Yusta akamjibu kwamba yeye amekaa gizani miaka mingi kabla mtu huyo hajazaliwa, na hakumezwa na kitu.

"Kundi ni betri tano," alisema Otmari, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Na la Chaula litabeba betri zake hapa mara tatu kwa wiki. Ya bibi, ya Chaula, ya fundi. Nani mwingine?"

 Kisha Katekista Gaudensi Sanga, ambaye alikuwa amekaa mbele akijitahidi kutotazamwa, alisema haya, ya kwake iwe ya nne. Baada yake hakuinuka mtu. Watu walimtazama mwenyekiti. Nyumba yake na ya Chaula zinagawana uzio, na bati la bluu analiona kila asubuhi akinawa uso. Alifungua kifungo cha pili, akakifunga tena.

"Mimi toroli ninalo," alisema.

Mikono ilihesabiwa. Kumi na tisa waliikubali wiki ya giza, wanane waliikataa, waliobaki walisema wako upande wowote. Nilidhani yameisha. Bibi Yusta alikuwa bado amesimama.

"Bado moja," alisema. "Nani atashika waya?"

Kwetu aliyeibiwa ghala ndiye hukabidhiwa ufunguo wa ghala. Ni desturi ya tangu enzi za ulezi, na maana yake iko wazi, hakuna atakayelinda zaidi. Aliyeiba husimama mahali anapoonekana, mikono nyuma, msimu mzima. Sikungoja waitaje. Nilitoa ufunguo wa karakana kwenye kamba ya shingo yangu, nikaenda nikauweka kiganjani mwake. Haukuwa mzito, lakini nilikuwa nimeuvaa miaka kumi na tisa.

5

Tulianza Jumatatu, kundi la Chaula likiwa la kwanza. Walikuwa wamefunga kamba ya katani kuzunguka mashine, nami nikasimama nje yake, mikono nyuma, niwaelekeze kwa mdomo. Felista alileta betri ya nyumba yake, taa moja inapepesa. Otmari alileta ya kwake kwa toroli jipya, amevaa koti.

Bibi Yusta hakuwahi kushika waya maishani mwake. Nilimwambia mwekundu na mwekundu, mweusi na mweusi. Alirudia kila neno kwa sauti kabla ya kufanya. Alipokosea nilitaka kuruka kamba, vidole vikaniwasha, nikabaki palepale nikimwambia rudi nyuma bibi, huo si wake. Alikaza vichwa vya waya kwa spana mpaka vya mwisho, polepole, na nadhani alivikaza vizuri kuliko mimi.

"Usiwashe kwanza," nilisema. "Zifunge zote, kisha tazama mita."

Alifunga. Mishale ikainama. Alivuta kigoda akakaa mbele ya mita, akavaa miwani.

"Huu wangu unatoka?"

"Unatoka, bibi. Wako, wangu, wa katekista, wa mwenyekiti."

"Unakwenda kwa Chaula."

"Kwa Chaula."

"Kwa hiyo wiki zile mbili ulichonificha ni hiki."

"Ni hicho, bibi."

"Hiki tu?"

"Hicho tu."

Otmari alikohoa na kutazama kwingine. Felista alikuwa amesimama ameshika mpini wa toroli tupu. Bibi Yusta alikaa anautazama mshale wa betri yake ukirudi taratibu, kwa muda ambao mtu angechemsha viazi vikaiva, mpaka ukafika sifuri ukatulia.

"Imekwisha?"

"Zimelingana. Sasa unaweza kuwasha."

Aliinuka, akaishika kamba ya Chiriku kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, lakini hakuivuta.

"Skola," alisema, bila kunitazama. "Ungeniomba, ningekupa."

Kisha akavuta.